Vitufe Bubu

Nyangweso, kijana wa mauzo, aliufungua mlango kwa vidole viwili
kama anayefunua sufuria ya wageni.
"Hii ndiyo ya chini kabisa, madam,"
akaishusha sauti kwenye neno *chini*
wasije wakasikia wateja wa viti vya ngozi.

Ya chini, basi. Viti vya kitambaa.
Paa zima, lisilo na kidirisha cha kuhesabia nyota.
Lita mbili za dizeli, gia za mkono,
magurudumu ya mbele tu ndiyo yanayovuta,
ya nyuma yanafuata kama watoto sokoni.
Nembo puani ni ileile ya matajiri.
Na kando ya usukani, vitufe vitano
visivyoandikwa kitu,
plastiki laini, bubu,
kila kimoja kimeziba tundu la anasa nisiyoilipia:
hiki kingepasha kiti joto
(nani huota moto Kisumu?),
hiki kingekunja vioo,
hiki hata Nyangweso hakukijua.

"Ya petroli ni tulivu, madam. Hutaisikia."
Kijana, nikamwambia,
mimi nataka kuisikia.

Nimelelewa na dizeli.
Mama alikuwa na kinu Chavakali,
mtambo wa kijani uliowashwa kwa hendeli
na matusi mawili ya Kimaragoli.
Ukikohoa, tulijua kuna sukumawiki.
Ukinyamaza, tulijua kuna uji.
Leso zake zilinuka dizeli hata zilipofuliwa,
na noti za karo pia zilinuka;
karani wa shule alizipokea kwa vidole viwili,
akazianika dirishani,
kisha akaniandikia risiti.

Miezi arobaini na minane nitawalipa watu wa Sako.
Sisemi mengi kuhusu hilo.

Jumamosi nikaipandisha.
Mamboleo ikabaki nyuma, ziwa likashuka kiooni
likawa bamba la bati lililosahauliwa juani.
Kwenye mlima wa Kiboswa, lori la miwa mbele yangu,
nikarudisha gia ya tatu,
na kitu kikanisukuma mgongoni,
si kwa haraka, si kwa kelele,
kama kiganja cha mtu anayesema *nenda, nipo*.
Nililia kidogo. Lori halikuona.

Asava, kaka yangu, aliizunguka mara tatu
akipiga matairi mateke.
Majirani waliisoma nembo, wakaita "mheshimiwa."
Asava akaingia ndani, akabonyeza vitufe vyote vitano,
akangoja.
"Dada, wamekuibia."

Mama alitoka mwisho, akifuata ukuta kwa mkono,
macho yake sasa yana ukungu wa maziwa.
Hakuuliza rangi. Hakuuliza bei.
Akaweka kiganja juu ya boneti,
akainamisha kichwa kama anayesikiliza tumbo la mjamzito.
"Noseli zake safi," akasema.
"Ila inaguna kwa adabu sana. Nani aliichapa?"

Nikamketisha mbele. Vidole vyake,
vilevile vilivyokuwa vikipima unga kwa kuufikicha,
vikatambaa kwenye dashibodi
vikakuta kitufe bubu.
"Hiki ni cha nini?"
"Hakina kazi, mama. Ni pengo tu, limezibwa."
"Aa. Kiache.
Nami nina mapengo sita, na mahindi natafuna."

Tukateremka hadi kilipokuwa kinu.
Sasa ni duka la simu. Ila nyuma yake
sakafu ya saruji ingalipo, na bolti nne zenye kutu
zilizoushika ule mtambo usiruke.
Alinitaka nisimame hapo, nizime.

Tukakaa. Jogoo wa mtu. Redio ya mtu.
Mvua ya Maragoli ikijipanga nyuma ya mawe.
Nilidhani anaomba.

"Washa tena," akasema. "Hebu washa tena."